Kodi moja, nyumba tatu: namna ya kupima nani kweli analipa na nani kweli anasaidiwa

Kwenye mikutano ya koperative, neno "sawa" linapita haraka kuliko maneno mengine yote. Depo inavuja, mabati mapya yanatakiwa, komite inapendekeza kila memba alete 5.000 FC kwa mwezi. Mtu mmoja nyuma anasimama: "Njo vile, shiye bote tulipe sawa." Watu wanapiga makofi. Wachache wananyamaza. Somo hili ni kwa ajili ya kujua kwa nini wananyamaza.

Kulipa namba moja si kubeba uzito mmoja. Wazee wetu wanalijua jambo hili tangu kodi ya kichwa ya Wabelgiji, na baadaye CPM: mwenye ng'ombe na mwenye jembe tupu waliandikwa kwenye daftari moja. Tanzania nayo ilikuwa na kodi ya maendeleo, iliyodaiwa kila mtu mzima, na iliiondoa mwaka 2003. Lakini kusema "haifai" hakutoshi. Mkutanoni mtu atakuuliza: haifai kwa nani, na kwa kiasi gani? Hapo inabidi kupima. Na kinachopimwa si kodi peke yake. Tunapima nyumba: ilikuwa na nini kabla, imebaki na nini baada, na ni midomo mingapi inakula humo.

Mapato ya nyumba ni nini?

Ukimuuliza mama wa hapa Pinga anapata pesa ngapi kwa mwezi, atakuambia zile zilizopita mkononi: maharagi aliyouza, bido ya mawese, siku tatu za kibarua. Hatakutajia muhogo uliobaki nyumbani, sombe, ndizi, mawese ya kupikia. Hivyo navyo ni mapato. Kama asingelima angevinunua. Kwa nyumba nyingi za kwetu, sehemu inayoliwa ni kubwa kuliko sehemu inayouzwa. Mpimaji akiisahau, ataona maskini kila mahali na hatajua nani ni maskini kuliko mwingine.

Kwa bei gani? Tumia bei ambayo mtu angeuzia pale pale kijijini. Usitumie bei ya Goma. Kati ya shamba la Pinga na Goma kuna Kalembe, Mweso, Kitshanga, Sake, matope, moto zinazokwama na barieri. Bei ya Goma imeshabeba hayo yote. Ukiitumia, utamfanya mkulima tajiri kwenye karatasi tu.

Deni si mapato. Pesa uliyokopa kwenye MUSO itarudi. Mbuzi aliyeuzwa ili kulipia hospitali, mwandike pembeni: nyumba imepata pesa lakini imepungukiwa mali. Zawadi na pesa zilizotumwa na mtoto aliye Goma, hesabu. Na usiulize mwezi mmoja tu. Ukiuliza wakati maharagi yametoka, kila nyumba inaonekana imeshiba; ukiuliza wakati wa kupanda, kila nyumba ina njaa. Pitia misimu yote miwili, A na B, halafu ugawe kwa miezi 12.

Jambo lingine ambalo wapimaji wanaharakisha: muulize mama peke yake, na baba peke yake. Si kwa kutafuta uongo. Baba hajui bei ya vipimo viwili vya unga vilivyouzwa asubuhi, na mama hajui pesa ya kibarua iliyobaki njiani.

Midomo

Nyumba yenye 200.000 FC na watu watatu si sawa na nyumba yenye 200.000 FC na watu saba. Hilo linaeleweka. Ila mtoto wa miaka minne hali kama baba yake, kwa hiyo hatugawi kwa vichwa tu. Huko Ulaya wanahesabu mtu mzima wa kwanza 1, kila mwingine mwenye miaka 14 na zaidi 0,5, na kila mtoto chini ya hapo 0,3. Kipimo hicho kimetoka kwenye nchi ambazo pesa kubwa inakwenda kwenye nyumba, moto wa umeme na vyombo, vitu ambavyo watu wanatumia pamoja. Kwetu pesa kubwa inakwenda tumboni, na sahani hailiwi na wawili. Ukikichukua kipimo kile kama kilivyo, nyumba zenye watoto wengi zitaonekana tajiri kuliko zilivyo. Katika somo hili tunatumia kipimo chepesi: mkubwa ni mdomo 1, mtoto chini ya miaka 14 ni nusu mdomo. Koperative yenu inaweza kuchagua kingine. Muhimu ni kwamba mkichague kabla ya kuhesabu, na msikibadilishe katikati kwa sababu jibu halikumpendeza mtu fulani.

Nyumba tatu

Hizi ni nyumba za mfano, si za mtu yeyote. Pesa zote ni za mwezi, na tuseme depo inanunua kilo moja ya mazao kwa 600 FC.

Nyumba ya kwanza ni ya mjane. Ana watoto wawili wakubwa, wa miaka 15 na 17, na wadogo wanne. Hiyo ni midomo 5. Analeta kilo 80 depo, anapata 48.000, kibarua kinampa 42.000. Pesa taslimu 90.000. Chakula cha shamba lake kina thamani ya 110.000. Jumla 200.000, yaani 40.000 kwa kila mdomo.

Nyumba ya pili ni ya bwana na bibi wenye watoto wadogo wawili: midomo 3. Wanaleta kilo 120, ndiyo 72.000, na kazi nyingine zinawapa 48.000. Taslimu 120.000, chakula 90.000, jumla 210.000. Kila mdomo 70.000.

Nyumba ya tatu ina duka kando ya barabara na shamba kubwa. Wakubwa wanne, watoto sita: midomo 7. Kilo 400 zinafika depo, 240.000, duka linaleta 460.000. Taslimu 700.000, chakula 140.000, jumla 840.000. Kila mdomo 120.000.

Angalia kwanza nyumba ya kwanza na ya pili. Kwa jumla ya nyumba zinakaribiana sana, 200.000 na 210.000. Mwenye kuangalia nyumba tu atasema ni majirani wa hali moja. Kwa mdomo, ya pili inakaribia kuwa mara mbili ya ya kwanza.

Sasa leta ule mchango wa 5.000 FC. Mjane anatoa 2,5 kwa kila 100 ya mapato yake. Nyumba ya pili 2,4. Mwenye duka 0,6. Na hapa kuna jambo ambalo hesabu ya jumla inalificha: mchango haulipwi kwa muhogo, unalipwa kwa noti. Ukilinganisha na pesa taslimu, mjane anatoa 5,6 kwa kila 100 na mwenye duka 0,7. Karibu mara 8. Ndiyo sababu yeye ananyamaza wakati wengine wanapiga makofi.

Komite inaweza kupata pesa ile ile, 15.000 FC kwa nyumba hizi tatu, kwa njia nyingine: 25 FC kwa kila kilo inayoingia depo. Mjane atalipa 2.000, nyumba ya pili 3.000, mwenye duka 10.000. Kwa kila 100 ya mapato: 1,0 kwa mjane, 1,4 kwa nyumba ya pili, 1,2 kwa mwenye duka.

Msikimbilie kushangilia. Nyumba ya pili sasa inabeba zaidi ya mwenye duka, kwa sababu mchango wa kilo unagusa shamba na hauoni duka. Tena mwenye kilo 400 akiona 10.000 ni nyingi, anaweza kuuza pengine, na depo ikabaki na mabati nusu. Hakuna kipimo kitakachofuta ubishi huo. Ila ni ubishi mzuri kuliko wa kwanza, maana sasa kila mtu anaona kinachobishaniwa. Kwa maoni yangu, koperative nyingi zingefanya vizuri na mchango wa kilo pamoja na kima cha juu ambacho hakuna memba anapita, lakini hiyo ni kazi ya mkutano mkuu kuamua, si ya gazeti.

Takse ya kimya

Kuna kodi ambayo mlipaji wake hajui kwamba analipa. Mama anayeuzia mlangoni kwake anasema: "Miye sipitake barieri, silipake kitu." Turudi kwenye bei. Mwenye moto anayechukua mzigo wake analipa kila barieri, na anajua atalipa. Hatoi mfukoni mwake. Anashusha bei anayomnunulia mama. Kama bei ingekuwa 600 na yeye anatoa 560, zile 40 zimeshalipwa na mama, na mama hajaona kamba wala askari. Kwa kilo 80 hiyo ni 3.200 FC kwa mwezi, zaidi ya mchango wa depo wa kwa kilo. Mwenye kutoa noti na mwenye kubeba uzito si lazima wawe mtu mmoja. Mpimaji asiyejua hilo ataandika kwamba barieri inawaumiza wachuuzi tu.

Si jambo dogo kwetu. Mwaka 2017 watafiti wa shirika la IPIS walichora ramani ya barieri za Kivu ya Kaskazini na ya Kusini, wakahesabu 798. Ripoti za wataalamu wa Umoja wa Mataifa za 2019 na 2020 nazo zinaeleza jeton, 1.000 FC kwa mwezi kwa kila mtu mzima. Hatuandiki hapa ni kundi gani. Msomaji wa Pinga hahitaji kuelezwa. Katiba ya nchi, kifungu cha 174, inasema kodi haiwekwi ila kwa sheria, na jeton haina sheria. Lakini katika kupima hatuulizi kama kodi ni halali. Tunauliza kama imetoka nyumbani. Ya Leta yenye risiti, ya barieri bila risiti, ya jeton, zote zinaingia upande wa "kilichotoka". Kwenye nyumba ya mjane wetu, kama yeye na wale wakubwa wawili wangehesabiwa, ni 3.000 kwa mwezi. Mwenye duka, kwa wakubwa wanne, 4.000. Linganisheni wenyewe na 200.000 na 840.000.

Salongo pia ni kodi, inalipwa kwa jasho. Siku iliyotumika barabarani au kwenye kazi ya kulazimishwa, ihesabu kwa bei ya kibarua cha siku hiyo, hasa kama ni wakati wa palizi. Nyumba yenye mikono mingi inaisikia kidogo. Nyumba yenye mikono miwili inakosa palizi nzima.

Na msaada nao

Upande wa kinachoingia una mitego yake. Wa kwanza ni kuhesabu bei ya aliyetoa badala ya thamani ya aliyepokea. Mfano mzuri uko hapa hapa Masisi. Kuanzia 2011, shirika la Concern Worldwide liliwasaidia wakimbizi wa ndani, na mtafiti Jenny Aker akalinganisha makundi mawili: waliopewa pesa taslimu na waliopewa bon za kununulia kwenye soko la siku maalumu. Kila nyumba ilipata jumla ya dola 130. Wenye bon walinunua vitu vya aina chache kwa wingi, na kimoja cha hivyo kilikuwa chumvi. Kwa nini chumvi? Haiozi, na inaweza kuwekwa mpaka itakapohitajika kuuzwa. Walikuwa wanajaribu kugeuza bon kuwa akiba. Anayeweka chumvi ili aiuze kesho kwa hasara kidogo hana dola 130 nyumbani, hata kama daftari la mtoaji linasema hivyo.

Wa pili: kiti kimoja kwa kila nyumba. Tuseme kiti cha vyombo na chakula kina thamani ya 60.000 FC. Nyumba ya pili inapata 20.000 kwa mdomo, ya mjane 12.000. Mwenye kutoa ameandika "sawa", na tumerudi kwenye lile neno.

Wa tatu tunautaja kwa ufupi kwa sababu kila mtu anaujua: "retour". Kama sehemu ya msaada inarudi kwa aliyeandika majina, andika kilichobaki nyumbani tu, si kilichosainiwa.

Halafu kuna msaada usioshikika mkononi. Shule ya msingi ya bure, iliyoanza mwezi wa 9 mwaka 2019, ni msaada mkubwa kwa nyumba yenye watoto wanne wa msingi. Kwa nyumba yenye mmoja tu aliye sekondari haina kitu. Uipime kwa zile pesa ambazo mzazi alikuwa analipa na sasa halipi. Shule ikiwa imefungwa kwa sababu ya vita, au mzazi bado anadaiwa michango mingine, punguza. Hata hivyo usiichanganye na pesa taslimu katika safu moja. Uchunguzi uliofanywa Tanzania kwa takwimu za nyumba za 2011 na 2012 unaonyesha sababu. Kodi na huduma za serikali kwa pamoja zilipunguza pengo kati ya tajiri na maskini. Lakini ukiacha huduma kama shule na hospitali, ukahesabu tu pesa zilizoingia na kodi zilizomo ndani ya bei za vitu, maskini walibaki na kidogo kuliko mwanzo. Yote mawili ni kweli pamoja. Mtoto yuko darasani, na sabuni imekuwa ghali. Na kwetu pia kodi ya ndani ya bei ipo: TVA ya asilimia 16 tangu 2012, ingawa muuza sabuni wa sokoni hajawahi kuitaja jina.

Kupanga mstari

Mkishapima nyumba, zipangeni kutoka yenye kidogo kwa mdomo mpaka yenye kingi, zigawanyeni mafungu matano yenye nyumba sawa. Wachumi wanafupisha mstari mzima kwa namba moja, ile ya Mwitaliano Corrado Gini ya mwaka 1912: 0 maana yake wote sawa, 100 maana yake mmoja ana vyote. Kwa Kongo, kwa uchunguzi wa nyumba wa 2012, Benki ya Dunia inaandika 42,1. Kwa koperative ya watu 60 namba hiyo haiwafai sana. Yafaa zaidi kuuliza: fungu la kwanza limetoa ngapi kwa kila 100, na fungu la tano ngapi? Mstari upangwe kwa hali ya kabla ya kodi na msaada, na kila nyumba ibaki kwenye fungu lake hadi mwisho. Mkiupanga upya baada ya kutoa, nyumba iliyoanguka itaingia kimya kwenye fungu la chini, na ile iliyoangushwa na mchango wenu haitaonekana.

Na wastani? Nyumba zetu tatu zina wastani wa 416.667 FC. Hakuna hata moja kati yao inayoishi hapo.

Tahadhari kabla ya kuanza

Pinga si mahali pa kuandika orodha ya nani ana pesa ngapi. Karatasi kama hiyo ikianguka kwenye mkono mbaya usiku, mliopima mtakuwa mmeielekeza njia. Kwa hiyo msiandike majina. Fanyeni kwenye mkeka: kila memba anachukua punje za maharagi, punje moja ni 10.000 FC, anaweka zinazoliwa upande mmoja na zinazouzwa upande mwingine, na majani kwa idadi ya midomo. Anayesimamia anaandika "nyumba 1", "nyumba 2", mafungu tu. Mkimaliza, punje zinarudi kwenye mfuko. Asiyetaka kuweka punje zake asilazimishwe, wala asiulizwe kwa nini.

Zoezi la mkutano ujao: chukueni mchango mmoja ambao koperative yenu inatoza leo, wowote, na nyumba tano za mfano mtakazozitunga pamoja. Hesabuni kwa kila 100 ya mapato yote, halafu kwa kila 100 ya pesa taslimu. Kisha ongezeni kwenye nyumba moja mtoto mmoja aliyekuja na wakimbizi wiki iliyopita, na mhesabu tena.